Matone Mawili Kila Tundu

Chupa ni fupi kuliko kidole gumba cha kaka yangu,
kile kilichobaki.
Cha pili kilikwenda na msumeno, kule Mafinga,
na tangu hapo Lutengano haogopi msumeno.
Anaogopa mlango. Simu ikiita. Kijiko kikianguka.
Jina lake, kwa lugha ya nyumbani, ni amani.

Kwa nini si kidonge? nilimuuliza mfamasia Tweve.
Akatunga shanga hewani kwa vidole, saba nilizihesabu:
"Dawa hii ni uzi mfupi namna hii. Tumbo likiupata
linautafuna kama kande. Puani kuna njia ya mkato."
Kisha, akifunga droo: "Ni mpya, dada. Siahidi kitu.
Fuata cheti cha daktari, hesabu, andika."

Basi nahesabu.
Kichwa nyuma, si sana. Tundu la kulia: moja. Ngoja. Mbili.
Asivute kwa pupa kama bibi na ugoro wake.
Asipenge kwanza.
Mkono wangu ukicheza, tone linaangukia shavuni,
na hapo si dawa tena, ni chozi la bei mbaya.

Ikae baridini, cheti kinasema. Isigande.
Friji hatuna. Makete yenyewe ni friji
isiyo na kitufe cha kupunguza.
Mwezi wa sita, usiku, majani ya viazi yanapigwa weupe,
nami naitoa chupa dirishani, naisogeza jikoni,
naiona jiko lina moto, naificha nyuma ya gunia la mbegu.
Saa saba naipapasa. Saa tisa. Saa kumi.
Siku ya tisa alilala hadi jua likatoka.
Nilimsikia akikoroma, mimi nimesimama,
chupa kwapani, moyo unanikimbia.
Katika daftari hakuna safu ya anayehesabu.

Siku ya kumi na moja iliganda.
Nilimpelekea asubuhi kama mtu anayepeleka msiba.
Akaigeuza kwenye mwanga kwa vile vidole vinne.
"Nayo imeogopa baridi," akasema,
akacheka, kicheko chenye kutu, kikakwama, kikaendelea.
Akachukua kalamu, akaandika kwenye safu ya siku ile: Hakuna.

Mtu akabisha hodi.
Niliruka mimi.
Yeye alikuwa ameshashika komeo.