Fundi wa Sauti

Studio iko Ghala, na kweli ni ghala:
zamani waliweka matairi, na joto likizidi
harufu ya mpira bado hupanda mpaka kwenye makochi.
Kazi yangu ni ndogo. Naingiza kipaza sauti
chini ya mtandio, nakibana karibu na shingo,
nasema, "Samahani, bibi," natazama pembeni.
Kisha nakaa nyuma ya kioo, nasikia
tumbo likinguruma, mate yakimezwa,
bangili ikigonga bangili.
Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye nikibanaye.

Mtangazaji wetu ana methali moja, na inamtosha:
"Mficha uchi hazai, mamangu. Fungua kifua."
Bi Thuwaiba wa Mabela alikuwa keshazaa watano.
Alifungua hata hivyo.

Kwamba mikufu ya marehemu mamake
aliiuza mwenyewe, sokoni Matrah, mwaka ule wa madeni;
kwamba aliapa mbele ya polisi
kuwa ni mtumishi, yule Namkunda;
kwamba Namkunda alikaa ndani miezi saba
akapandishwa ndege na kandambili miguuni.

Watazamaji (riali tano kila mmoja, na sambusa)
walilia kabla kibao hakijainuliwa,
basi Bi Thuwaiba akaambiwa arudie, kuanzia kwenye mikufu.
Mara ya pili alilia vizuri zaidi.

Halafu skrini kubwa ikawaka: Usangi,
cherehani, kalenda ya mwaka jana,
na Namkunda, kitambaa cha kichwa kimekaa upande,
ameambiwa kuna mshahara wake uliosalia.
"Msamehe!" akasema mtangazaji. "Dunia inakutazama."
Nikapandisha sauti yake, maana alikuwa hasemi.
Nikapandisha tena. Kuku. Pikipiki ya mbali. Pumzi.
Kisha: "Nimesamehe."
Makofi.

Dakika nne kabla, kwenye laini isiyokwenda hewani,
aliniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyepokea:
"Kaka, hapa nyumbani wanajua nilirudi kwa kuumwa.
Habari za jela hawana. Jina langu hamtalitaja?"
Nikamjibu, "Subiri kwenye laini, dada."
Sikusema ndiyo. Sikusema hapana.
Rekodi ninayo; najua vizuri nilichosema.

Wiki ile kipande kilitembea kwenye simu,
Seeb hadi Doha hadi stendi ya Mwanga.
Bi Thuwaiba alipata riali mia tatu,
na wanawe wawili hawamsemeshi.
Kule Usangi, kwamba hakuiba lilisikika;
kwamba alifungwa ndilo lililobaki.
Wateja walikuja kuchukua vitambaa
ambavyo havijakatwa bado.
Mumewe aliuliza swali moja, si la dhahabu:
"Miaka kumi na moja, ulikuwa unanitazamaje?"

Haya nayajua kwa sababu alipiga. Mara moja.
Hakutukana. Alitaka tukifute.
Nikamwambia nitauliza. Niliuliza.
Walicheka kwa upole, kama unavyomcheka mtoto.
Sasa namba yake haipatikani.

Mama yangu huosha maiti wa kike; Seeb nzima inamjua.
Aibu ya maiti aijuaye mwosha:
kovu la kisu, jina la mwanamume lililochanjwa pajani,
tumbo lililobeba na nyumba isijue.
Jana alirudi jioni kutoka kwa jirani,
akanawa hadi viwikoni, akaomba chai.
Nikamuuliza, hivi hivi tu, marehemu alikuwaje.
"Mwepesi," akasema, akapuliza kikombe.

Nilingoja. Kazi imenifundisha:
ukinyamaza vya kutosha, mtu huendelea.

Hakuendelea.