Mwiko

Wa kwanza niliuua kwa huruma.
Kila alfajiri, kabla sijavaa soksi,
niliuendea dirishani na kikombe kilichojaa pomoni
kama mtu anayempelekea mgonjwa uji.
Siku ya tisa nikaligusa jani,
likapasuka kidoleni,
likanuka kisima kilichosahaulika.

Nieleweni. Miaka ishirini na tisa
nilipakua wali katika jiko la shule, hapa Goyang.
Sahani ikirudi tupu, naongeza.
Ikirudi na makombo, nauliza nani anaumwa.
Kwangu mimi, kupenda kulikuwa mwiko:
wa mbao, mpana, usiokauka.

Bwana Maeng, mwenye vibanda vya plastiki nje ya mji,
hakunicheka.
Aliupindua mkebe wangu, akauminya udongo,
ukatoka jasho.
“Huu si udongo, mama. Ni supu.”
Akanipa mwingine, majani yake manono yamepangana
ukubwa wa kifungo cha koti,
na mfuko wa kokoto za volkano,
na chungu chenye tundu chini,
maji yakose pa kulala.
“Niumwagilie lini?”
“Ukisahau.”

Kusahau! Mimi, ninayekumbuka hadi leo
ni mtoto gani hakula karanga mwaka ule wa mafuriko!

Nikajifunza kama anayeacha sigara.
Nachomeka kijiti cha kulia udongoni:
kikitoka na unyevu, naondoka.
Nabonyeza jani taratibu,
shavu la mtoto aliyelala:
likiwa gumu, umeshiba.
Likikunjamana, haya, kunywa,
kunywa mpaka tundu lilie, kisha basi.
Siku nyingine nasimama tu, mikono nyuma,
kama mlinzi wa makumbusho.

Januari nikalazwa kwa ajili ya goti.
Siku ishirini na tatu, na theluji nje.
Nilirudi nikichechemea hadi roshani, koti mwilini,
nikitarajia maiti.

Ncha zote zilikuwa nyekundu,
kama pua ya mtu aliyetoka matembezini.
Na pembeni, jani moja lililoanguka,
ambalo sikuliona wala sikulizika,
limesinyaa kama zabibu kavu,
limetoa nyuzi mbili zinazopapasa udongo,
na kichwani pake,
dogo kuliko punje ya mtama,
ua la majani, kamili, halijui habari zangu.

Nikakaa sakafuni na goti langu jipya.

Mwanangu Seung-gyu yuko Ulsan.
Friji yake, naijua, imejaa makopo ya kabichi ya pilipili
ninayomtumia kila Ijumaa, hayafungui.
Ijumaa ile sikutuma.
Ijumaa iliyofuata, mkono uliniwasha, sikutuma.
Jumanne, saa nne usiku, simu:
“Mama? Hakuna neno. Nimepiga tu.”

Mwiko wangu unaning'inia juu ya sinki, mkavu.
Kwenye chungu nimebandika karatasi,
kwa mwandiko wa jikoni:
Leo maji ni mwiko.
Kesho pia.
Keshokutwa tutaulizana.