Mwongozo Usio na Ng'

Saa tano ya usiku, idara ya maji, Chake Chake.
Umeme upo, maji hayapo,
na mimi mwenye bili za Mkoani
nimeandika Ng'ombeni
na ganda limeganda.

Halikusema nimekosa.
Limeshuka mstari, limeweka kimshale, linangoja,
kama karani aliyesimamisha kalamu:
enhe, Ng' nini? Malizia.
Nami nalingoja lijibu.
Tumengojana hadi chai imeota utando.

Nikaomba mwongozo wa amri ya kuhama saraka,
ile ya herufi mbili
niipigayo kuliko nipigavyo simu kwetu Wara.
Hakuna, nikaambiwa.
Amri hiyo ni mzalia wa ndani,
kasome ganda zima.
Ganda zima ni maelfu ya mistari
na kile kistari kimoja kinachokurudisha ulikotoka
nilikijua kwa kidole kuteleza.

Humo ndani mna kasuku:
lolote umwambialo, atalisema.
Mwambie kistari na n,
ananyamaza kama aliyetukanwa.
Mna amri ambayo ni nukta mbili tu.
Haifanyi kitu, haikosei,
ukiiuliza hujibu: salama.
Namjua afisa wa namna hiyo.
Yuko ghorofa ya pili.

Ndipo nikafungua mtoto wa meza
nikatoa daftari la Bi Mize Shaame,
aliyehamishiwa Unguja mwezi wa Rajabu
akaacha kanga moja, kikokotoo kibovu
na kurasa arubaini za wino wa kijani.
Ukurasa wa saba, pembeni, kaandika:

*Ukisomea bombani, hesabu hutaipata,*
*ya mtoto ni ya ndani, akifa ameifuta,*
*usiulize kwa nini, mwongozo unatupita,*
*mimina kwenye faili, ndipo hesabu hudumu.*

Nikacheka peke yangu.
Wiki nzima nilihesabu mita ndani ya bomba,
mia nne na kumi na mbili, kwa macho yangu,
nikitoka nje ya bomba, sifuri.
Nilidhani ni uchovu.
Kumbe mtoto alihesabu vizuri,
akafa na hesabu yake,
na mzazi hakuambiwa.
Humu idarani tuna mabomba mengi ya hivyo:
Machomane maji yanaonekana yakiingia,
Tibirinzi bado wanabeba ndoo.

Ukurasa wa kumi na tisa hauna shairi.
Una neno moja, limepigiwa mistari mitatu:
RITIFAA.

Nikatazama orodha upya, kwa mpangilio wa msoma mita:
Ng'ombeni, Uweleni, Makombeni, Mbuguani, Ng'wachani.
Ritifaa ya Ng'ombeni imefungua mlango.
Ritifaa ya Ng'wachani imeufunga.
Na wote waliokaa katikati
wamekuwa neno moja refu lisilo na maana,
hawana mita, hawana deni, hawana mtaa.
Miezi mitatu Uweleni hawajapata bili.
Hakuna aliyelalamika.
Nani alalamike?

Aliyeandika mwongozo hakuwa na ng'.
Simlaumu. Hakuwahi kuita ng'ombe,
hakung'oa jino, hakung'ang'ania kitu.
Kwake alama ile ni kufuli,
kwetu ni pua inayosema.

Nikampigia Bi Mize, usiku ule ule.
"Tia mkwaju wa kinyume mbele yake," akasema,
"lakini ukiupitisha kwenye amri ya kusoma
bila ya kuikanya, itaula."
Hilo limeandikwa wapi?
"Mimi kwetu Ng'wachani, mwanangu.
Nimelijua siku nilipojitafuta kwenye orodha
nikajikuta sipo."

Nikarudi mezani. Kimshale bado kinangoja.
Nikaweka ritifaa ya pili, kavu, haina neno,
na ganda likashusha pumzi, likalalama
kwamba halijui amri iitwayo Ngombeni.
Hata mimi siijui.

Kwenye daftari, chini ya wino wa kijani,
nimeandika tarehe kwa penseli
na majina ya mitaa mitatu.
Wino nitatia kesho,
bili zikishatoka, nikiona Mbuguani
imesimama kwenye mstari wake.