Usitie Mfupa

Kembabazi alikuja Jumatatu, akasema: kilo mbili,
ya paja, yenye mafuta, usitie mfupa.
Nikamuuliza, una wageni?
Mgeni ni mimi, akasema. Naanza kula nyama tu.
Hakuna ndizi, hakuna ulezi, hata mchicha wa mia tano hakuna.
Kuna bwana kwenye simu, ana kifua kama fahali,
anasema wazee wetu waliishi hivyo.

Mimi Katungye nauza nyama Kakoba, mwaka wa kumi na tisa.
Kiswahili nilifundishwa na askari wa Makenke,
wale wanaokopa kuanzia tarehe kumi.
Sina sababu ya kumkataza mtu nyama.
Nikapima.

Lakini wazee gani hao?
Baba yangu alichunga Nyabushozi hadi magoti yakamgomea.
Ng'ombe wake aliwajua kwa majina,
na jina ukishalitoa, kisu kinakuwa kizito.
Tulikunywa maziwa. Nyama ilikuja na msiba,
au fahali akivunjika mguu kwenye shimo la mhanga.
Na kabla ya kibuyu cha jioni
alikuwa ametembea kutoka kisima hadi kisima,
wakati Kembabazi anatembea kutoka kiti cha benki
hadi kiti cha bodaboda.

Wiki ya pili uso ukachongoka.
Wiki ya nne sketi ikashikwa na pini.
Sitasema uongo ili nipate kushinda: alipungua.
Kilo saba. Alinihesabia kwa vidole, akicheka,
na pumzi yake ilinuka ile dawa ya kufutia rangi ya kucha.
Na choo? nikauliza,
maana sisi wa bucha hatuonei haya matumbo.
Akatazama mainzi ukutani.
Leo siku ya tano, akasema.

Ndipo nikavua kiatu.
Nikamwonyesha dole gumba, jekundu
kama ini lililokatwa sasa hivi.
Jongo, nikamwambia. Daktari kaandika: punguza nyama,
maini usiyaguse.
Mimi, mwenye ndoano kumi na mbili kichwani,
nyumbani nala maharage, mlango nimeufunga,
wateja wasije wakaniona.
Haina maana nawe utaugua. Yuko sajini mmoja
anakula kichwa kizima cha mbuzi, na bado anaruka ukuta.
Mwili wa mtu si duka langu, siujui hesabu zake.
Nenda wakupime damu.

Hakwenda. Alikwenda Ishaka, kwenye sherehe ya mdogo wake.
Mama yake alifunua majani ya mgomba, mvuke ukapanda,
akamkatia ndizi kwa mkono wake mwenyewe,
na binti akasema: mimi nyama tu.
Mama akabaki ameshika lile bonge.
Nimekukosea nini? akauliza. Hakuuliza lingine.

Haya nayajua kwa sababu alinisimulia,
siku tisa baadaye, amesimama pale pale,
uso umerudi kidogo mashavuni.
Nusu kilo, akasema. Mfupa tia.
Kisha akavuka upande wa pili, kwa Nyakato wa mboga,
akarudi na kitu kimefungwa ndani ya gazeti.
Sikuuliza.
Nimepoteza kilo moja na nusu kwa siku, nikawaza, mimi pia.
Dole likanichoma.
Nikafuta mizani, nikashusha mlango wa bati.