Yasiyomo Kwenye Kadi ya Kliniki

Kadi yako, Sechelela, inajua uzito tu.
Inajua pepopunda, surua, matone ya mdomoni,
na ile nukta ya bluu ambayo muuguzi wa Makole
huibandika juu ya mstari kama stempu, akaita mwingine.
Haijui kwamba Jumanne moja, kabla ya chakula,
uligundua una mkono.
Uliutazama mpaka ukakengeza.
Uliugeuza, ukaukagua
kama fundi aliyerudishiwa betri mbovu,
kisha ukajipiga nao puani
na kututazama sisi, washukiwa.

Mama yako alicheka, mwiko mkononi,
hata ugali ukashika chini.
Tulikula ukoko.
Hilo nalo halimo.

Nkuhungu hapa upepo wa Julai hauna adabu,
huanua nguo bila kuulizwa.
Nepi yako moja ilikwenda kutua
juu ya dishi la Mzee Ndahani.
Alipiga hodi, kavua kofia:
"Jamani, bendera yenu imehamia kwangu,
na taarifa ya habari haionekani."
Wewe mgongoni kwa mama ukameza upepo,
ukakohoa vumbi, ukanyamaza,
halafu ukacheka.
Cha kwanza!
Miezi minne nimekuwa mbuzi, nimekuwa nyani,
nimekuwa treni ya umeme ikiingia stesheni;
mimi, mtu wa masjala, mtu wa mafaili na tai,
nimevaa sufuria kichwani mbele ya mama mkwe,
na kicheko chako umeupa upepo.

Jino lilitangazwa na kijiko.
Ti.
Mama yako akasita, uji wa uwele ukidondoka,
akagonga tena.
Ti.
Saa nne usiku tukapiga simu Mpwapwa.
Bibi yako akapokea akilia tayari,
maana simu ya usiku haiji na heri.
"Jino!" tukapiga kelele wote wawili.
Kimya. Kisha, polepole:
"Jino la nani?"

Kutambaa ulianzia kinyumenyume.
Kitu unachokitaka kiko mbele,
wewe unakiaga kwa macho, unarudi, unarudi,
unalia kwa nini hakikufuati.
Siku moja ulipotelea uvunguni
ukatoka na ndala yangu iliyopotea tangu Pasaka,
umeitafuna mkanda.
Nilikushukuru. Naivaa hivyo hivyo.

Sasa hili la neno, tulieleze vizuri.
Nakiri: usiku mama yako akilala
nilikuwa nakunong'oneza, "Baba. Ba-ba. Baba."
Kumbe mchana, nikiwa kazini,
naye alikuwa na kampeni yake.
Akaja bibi kutoka Mpwapwa,
furushi la karanga kichwani,
tetea mkononi, kafungwa miguu, kichwa chini.
Ukanyoosha kidole mlangoni:
"Kuku."
Furushi likaanguka.
Kwetu Wagogo bibi ndiye kuku,
na bibi alishangilia hadi majirani wakatoka:
"Ameniita! Mmesikia? Ameniita mimi!"
Nyuma ya gauni lake, kichwa chini,
tetea naye aligeuka, kama mtu aliyeitwa.
Mimi na mama yako tukatazamana.
Tumekubaliana hatutauliza.
Ila tetea hakuchinjwa. Nani angethubutu?
Anazunguka uani kwa madaha,
kama mwenye kesi ya rufaa.

Na leo asubuhi uliachia pazia la mlango.
Ulisimama peke yako, umelewa ardhi,
mikono juu kama uliyekamatwa.
Mama yako anasema hatua mbili.
Mimi nasema moja, na ile ya pili ni anguko.
Bibi anasema tusibishane mbele ya mtoto, zilikuwa nne.
Ulikaa vumbini kwa kishindo
ukatutazama, sisi washukiwa wa siku zote.
Jumatatu muuguzi atauliza kama kuna jipya.
Tutasema hapana, mzima tu, anakula.
Tetea ndiye aliyekuwa karibu, ndiye aliyeona vizuri;
alihesabu tatu,
akakimbia.