Hereni

Mwezi wa kumi walikuja na koleo la kutogea,
pikipiki mbili, boksi la hereni za plastiki za njano,
wakamtoga ng'ombe wangu mwekundu sikio la kushoto.
Damu kidogo, kelele kidogo, kisha namba.
Nilizihesabu tarakimu kwa kidole,
maana kusoma nilijifunza ukubwani, kwa mwanangu.
"Huyu sasa anajulikana hadi Dodoma," alisema bwana mifugo.

Mimi Udaghama sijulikani hata Nakihungo,
na Nakihungo ni hapo tu, ukivuka makorongo mawili
na mikorosho ya Mzee Chipwaza,
asiyetusalimia tangu ndama wetu aonje mabibo yake.

Tulifika bonde hili la Mbwemkuru
mwaka ule wa kufukuzwa Usangu,
mtoto wa kwanza akiwa tumboni. Leo ana ndevu.
Kadi yake ya kliniki, mahali pa kuzaliwa: safarini.
Wa pili: mgeni.
Wa tatu: mgeni.
Kwa wa nne muuguzi alichoka, akaacha nafasi wazi.

Ofisini kuna daftari la jalada gumu.
Mtendaji, Ndugu Namtumbuka, si mtu mbaya, alinipa kiti.
Akapitisha kalamu juu, chini, juu tena.
"Mama, kitongoji chenu hakimo.
Bomba huenda kwenye kitongoji. Nguzo huenda kwenye kitongoji.
Ninyi mko..." akalitafuta neno, feni ikimzungukia kichwani,
"mko pale."
Na ushuru wa mnada?
"Ah, ushuru mnalipa vizuri."

Nguzo zinapita pale. Mojawapo mbuzi hujikunia mgongo.
Usiku nyaya zinavuma juu ya bati la shule tuliyojijengea,
na chini yake mwalimu wa kujitolea anamulika ubao
kwa simu iliyochajiwa Nakihungo kwa shilingi mia tano.

Na maji, tunafukua mchanga wa mto,
shimo la kiunoni, la kifuani, halafu
anashuka Gidabasta kwa kuwa ni mwembamba,
nasi juu tunasikiliza kata ikikwaruza.
Bombani ndoo ni hamsini. Kwetu mia mbili,
watu wa daftari wakishamaliza.

Wanatuita Mang'ati.
Si jina letu, ni neno la watu wengine,
na maana yake ni adui.
Nani amewahi kumvutia adui bomba?

Bwana mifugo alikuwa akifunga boksi. Nikamwambia ngoja,
nikasogeza kitambaa, nikamgeuzia sikio.
"Nitoge na mimi."
Vijana walicheka. Naye alicheka, kisha hakucheka.
Alikuwa na fomu ya ng'ombe mkononi,
amefika kwenye mstari wa makazi ya mfugaji,
kalamu imesimama.
Nikamwonyesha bung'eda ya baba mkwe, nyasi zimeshaota juu yake,
makaburi mengine sita,
choo cha tofali, madawati kumi na moja.

Aliandika: Porini.

Halafu, sijui ni aibu, sijui ni jua,
akaomba maji ya kunywa.
Tulimpa. Yalikuwa na mchanga.
Akayanywa yote, akiyachuja kwa meno.