Ufunguo wa Tatu

Siku majina yaliposomwa uwanjani Shimbwe
waliosomwa tuliinamisha vichwa,
wasiosomwa nao wakainamisha.
Mpita njia angedhani tuna msiba mmoja.

Mimi nilikuwa wa kumi na tisa.
Ndeshukurwa, mjane, watoto watatu, kaya maskini.
Nilijua. Nani asiyeijua njaa yake?
Lakini kuisikia kwenye kipaza sauti,
mbele ya mashemeji,
kisha moyo ukaruka kwa furaha
papo hapo, juu ya ile aibu,
ladha hiyo sijaipatia jina mpaka leo.

Kijana wa dodoso alikuwa ameniuliza: redio unayo?
Ninayo, ila haina betri tangu mwaka juzi.
Akafikiri kidogo, akaandika: hana.
Kwa Aikande, ng'ambo ya mfongo,
alitazama juu, akahesabu mabati manane.
Mabati ya kaka yake, Mungu amrehemu,
aliyoyapigilia wiki mbili kabla kifua hakijamchukua.
Chini ya mabati yale watu hulala na uji wa chumvi,
lakini uji hauonekani kutoka barabarani.

Elfu thelathini na sita, kila miezi miwili.
Nikabonyeza dole gumba kwenye wino,
nikaenda moja kwa moja kwa Mangi.
Akafungua daftari. Kurasa nne zangu:
chumvi, kiberiti, mafuta ya taa, chumvi,
dawa ya minyoo, chumvi.
Akapiga mstari mrefu, kalamu ikakwaruza.
"Asante, Mama Mkunde."
Kumbe jina langu alilijua siku zote.

Shemeji alingoja nimkumbuke kwa mbege.
Kilabuni walisema, fedha isiyo na jasho haifiki nyumbani.
Imefika. Imekuwa viatu vya Mkunde,
mitetea miwili, debe la mahindi chini ya kitanda,
na kufuli.

Mlango wangu miaka yote uliufunga kamba ya mgomba.
Mwizi angeingia angeona haya,
pengine angeacha kitu.
Sasa nina cha kuibiwa. Sikujua
kwamba hilo nalo ni daraja la kupanda,
wala kwamba ukilipanda hulali vizuri.
Kufuli la Kiboriloni, zito, la rangi ya shaba, funguo tatu:
mmoja shingoni mwangu, mmoja kwa Mkunde,
wa tatu kwenye kopo la chumvi.

Aikande alizoea kuingia kwangu kama moshi.
Huokota kaa la moto kwa kigae,
humaliza habari yake akiwa ameshatoka.
Jioni ile alisimama nje.
Hodi, akasema.
Miaka kumi na minne ya ujirani
sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.
Karibu, nikajibu, na neno likakwama
kama kufuli jipya.

Nilimpelekea bakuli la mahindi.
Bakuli likarudi na mnafu, maana chombo hakirudi kitupu,
na mnafu ule ndio ulikuwa mboga yao ya usiku.
Nikaula. Ningefanya nini?
Nikaula, nikaona nimechukua kuliko nilichotoa.

Nikakata jani la isale pale mpakani,
nikaufunga nalo ufunguo wa tatu, nikavuka mfongo.
Hakuuliza nimemkosea nini.
Angeuliza nisingejua.
Akaupokea kwa mikono miwili,
akautundika msumarini, chini ya mabati yake manane.

Nikienda huuona. Jani limekauka, limejikunja,
ufunguo bado unang'aa, hajautumia hata mara moja.
Na jioni akija kuchukua moto,
hata mlango ukiwa wazi,
hata akiniona nimekaa jikoni nachambua maharage,
husimama kwanza.
Hodi.